Mama Anafunga Pamoja Nawe

Kitengela
18 Julai 1999

Kaka Parmuat,

Takwenya. Nakusalimu wewe, wifi yangu Mama Kakuta, watoto wote, na ng'ombe wale ambao bado wanaweza kusimama. Huku tunavumilia baridi ya Julai. Wanjala anatoka kwenda kiwandani Athi River kabla jua halijachomoza na akirudi limeshazama, siku hizi namjua kwa sauti kuliko kwa sura. Anakusalimu sana shemeji yake, anauliza kama soko la Kajiado bado linakulisha ama umeanza kula ng'ombe za watu.

Mimi siendi popote. Daktari amenifunga kitandani kama mbuzi wa sikukuu. Mimba hii ikikaa itakaa kwa kulala, ndivyo alivyosema: nisipande gari, nisibebe ndoo, nisiiname hata kuokota kijiko. Baada ya zile mbili zilizoharibika mimi sibishani naye. Nalala kwa ubavu nikiangalia mabati, majirani wakipita dirishani wananiuliza, "Bado uko?" Niende wapi jameni?

Sasa nieleze vizuri. Dennis, huyu dereva wa basi la Namanga anayetubebea barua, alimwambia Wanjala pale stendi kwamba Mama amelazwa hospitali. Ati mafua. Mafua gani ya kulaza mtu? Na kwa nini nisikie kwa dereva wakati Mama anakaa bomani kwako na wewe uko na mkono wa kuandika? Kajiado ni mwendo wa saa moja tu kwa gari, lakini sasa kwangu ni kama Ulaya. Usinifiche kitu, Parmuat. Nakujua wewe, uongo wako huanza na mzaha.

Dada yako,
Namunyak


Kajiado
4 Agosti 1999

Dada yangu mkali,

Nimeipata barua yako, karatasi ilikuwa bado moto. Hapa tuko salama. Mama Kakuta anakusalimu, Kakuta ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama mzee. Soko ni baya. Ng'ombe wanakuja wamekonda hivi kwamba naona haya kuwasifu, na mimi kazi yangu ya udalali ni kusifu. Tukikosa mvua ya Oktoba sijui tutasifu nini.

Ni kweli Mama alilazwa. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utainuka. Homa iliingia boma lote, kila mtu akakohoa, watoto wakapona, mimi nikapona, Mama akabaki nayo. Asubuhi moja Mama Kakuta akamkuta ameketi mlangoni, midomo imekuwa rangi ya jivu, anavuta pumzi kwa mabega. Tukamkimbiza hospitali. Walimwekea oksijeni. Daktari alisema hiyo si nimonia ya kawaida, ni kirusi cha mafua kimeshuka kikajaza mapafu yote mawili, na dawa ya kukiua hawana. Akasema ni mwili wake mwenyewe upigane. Nakuambia, niliogopa. Nilikaa pale nje kwenye benchi nikaahidi Mungu mambo ambayo sasa yananisumbua kuyatimiza.

Lakini amepona! Kifua ni safi, daktari mwenyewe alisikiliza akatikisa kichwa kwa mshangao. Yuko nyumbani. Tumemchinjia kondoo, tukamyeyushia mafuta, na supu ya magome ya olkiloriti ile chungu anakunywa ili mwili urudi. Amenituma nikwambie hivi, neno kwa neno: "Wasikushibishe wale watu. Mwanamke mwenye mimba hali chakula kama anayeenda safari. Mtoto akinenepa ndani atakupasua." Basi, nimefikisha. Usinipige mimi.

Kaka yako,
Parmuat


Kitengela
29 Agosti 1999

Kaka,

Ashe oleng kwa habari njema. Nilisoma nikacheka peke yangu mpaka jirani akadhani nimepata uchungu. Wanjala mzima, mimi mzima, tumbo limeanza kuonekana, na mtoto anacheza hasa nikitaka kulala.

Umechelewa kunionya lakini. Mama mkwe amefika kutoka Bungoma na kuku wawili hai na gunia la unga wa wimbi, amehamia hapa mpaka nizae. Asubuhi ni uji, saa nne uji, mchana ugali mkubwa kama kofia ya askari, na akiona nimebakisha anauliza kama kwetu hatujui chakula. Kwao Babukusu mama mwenye mimba anakula ya wawili. Kwetu anakula nusu ya mmoja. Na mimi niko katikati, kitandani, sina pa kukimbilia. Mwambie Mama namtii kadiri ninavyoweza. Mkwe akigeuka, uji unaingia kwenye beseni.

Ni mtu mwema lakini. Ananiosha miguu na kuniimbia, na hajawahi kunitaja zile mimba mbili.

Kaka, niko na ombi moja tu na sitaki mzaha ndani yake. Mtoto anatoka Januari, Mungu akipenda. Nataka Mama awe hapa. Nataka mikono ya kwanza kumshika iwe ya Mama yangu. Kila nikiogopa, na naogopa sana, najiambia Januari Mama atakuja na ile shuka yake nyekundu inayonuka moshi, halafu naweza kulala. Sitaki kitu kingine kwenu. Mnenepeshe, mtunze, mniletee.

Anakula vizuri?

Namunyak


Kajiado
24 Septemba 1999

Dada,

Samahani nimekawia. Nyasi zimekwisha huku, tumepeleka ng'ombe upande wa Chyulu na nimekuwa kule na vijana. Ng'ombe wanne wamelala wasiinuke. Mama Kakuta ni mzima, watoto ni wazima, na wote wamechoka na chai ya rangi.

Uliuliza kama Mama anakula. Sikiza hii sasa. Niliporudi Mama Kakuta akaniambia Mama amepunguza chakula: kikombe cha maziwa hamalizi, nyama anaonja tu. Nikamwendea. Nikamwambia, Mama, mbona hauli, wataniita mtoto mbaya. Akaniangalia vile anavyoangaliaga. Akasema, "Nafunga pamoja na binti yangu. Yeye amelala kule peke yake na watu wanamshindilia ugali. Akipunguza na mimi napunguza, mtoto atateleza atoke bila kumsumbua."

Mimi sijawahi kusikia mila kama hiyo, na nimekaa na wazee. Lakini nani atabishana na Mama? Wanawake wa jirani waliposikia walikuja kumshika mkono. Mchungaji amemtaja kanisani Jumapili, akasema hayo ndiyo mapenzi, mtu kubeba njaa ya mwenzake. Mama Kakuta alitoa machozi. Hata mimi, nitakwambia ukweli, nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu.

Kwa hivyo ukila kidogo jua hauko peke yako.

Parmuat


Kitengela
12 Oktoba 1999

Kaka yangu,

Salamu kwa wote, pole kwa ng'ombe. Huku vumbi tu, maji tunanunua kwa mkokoteni. Mtoto amekua, daktari amekuja kuniangalia na kusema tusonge hivyo hivyo.

Nimelia, kaka. Barua yako nimeiweka chini ya mto. Nimemsomea Wanjala, nimemsomea jirani, nimemtafsiria mama mkwe, na yule mama amenyanyuka akachukua sahani yangu ikiwa bado nusu bila kununa. Ujue hiyo ni miujiza.

Mwambie Mama namshukuru. Mwambie hakuna mtu alishawahi kunipenda hivyo na hakuna atakayenipenda hivyo tena. Mwambie tuko pamoja, yeye kule na mimi hapa, asiache, na mimi siachi, mpaka Januari atakapokuja. Msomee maneno haya polepole, usiyaharakishe kama bei za mnadani.

Namunyak wenu


Kajiado
9 Novemba 1999

Dada,

Hatujambo. Mvua ilinyesha siku moja ikatuaibisha ikaenda. Nilikuwa Chyulu tena, nimerudi wiki hii. Kakuta anakusalimu, ameota meno.

Nilimsomea Mama barua yako kabla sijaondoka. Aliniambia nirudie ile sehemu ya kushukuru. Nikarudia. Akasema, "Basi."

Niliporudi safari hii nimemwona amekonda. Mwaka huu nani hajakonda, lakini mifupa ya mabega inaonekana kwa shuka. Nikaamua kukaa naye wakati wa kula, kama dalali anayechunguza mnyama. Nyama aliyopewa alimtupia mbwa akidhani naangalia kando. Nikamlazimisha anywe kikombe kimoja cha maziwa mbele yangu. Alikunywa. Tukaongea kidogo, kisha akajikunja, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, jasho likamtoka usoni. Ilipita baada ya muda. Akasema ni gesi. Nikampeleka kwa yule mtu wa kliniki pale sokoni, akambonyeza tumbo, akasema ni laini, ni amiba, akampa tembe.

Usiwe na wasiwasi. Kifua chake ni kizuri kabisa, hakohoi hata kidogo. Nimekuandikia kwa sababu ulisema nisikufiche.

Parmuat


Kitengela
13 Novemba 1999

Parmuat,

Salamu zitakuja siku nyingine.

Nimeisoma barua yako ikanisimamisha nywele. Mtu anayefunga husikia njaa, kaka! Anatamani, anajizuia. Wewe umeniandikia habari za mtu anayeogopa kikombe. Mama hafungi. Mama anaumwa, na kila akila anaumwa zaidi, na ametudanganya sote, na sisi tukampigia makofi kanisani.

Zile mimba zangu mbili za kwanza hakufunga hata siku moja. Nimekumbuka leo. Kwa nini sikukumbuka Oktoba? Kwa sababu nilipenda kusikia vile.

Mtoe bomani leo. Si kliniki ya sokoni, hospitali, ya daktari. Waambie alikuwa na ile homa ya mapafu Julai, waambie yote, usifupishe. Wanjala amekubali kuchukua ruhusa, atakutana nanyi Nairobi ikibidi. Dennis nimemwambia akuwekee barua hii mkononi, si kwa mtu mwingine.

Ama nakuja mwenyewe. Naapa naweza kuinuka sasa hivi.

Namunyak


Kajiado
11 Desemba 1999

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Mama Kakuta anakusalimu, watoto wanakusalimu, majirani wote wanakusalimu. Mvua imenyesha kidogo, nyasi zinaonyesha kijani chini chini. Ng'ombe waliobaki tumewarudisha. Mchungaji amekuombea kwa jina, wewe na mtoto. Kakuta amekuwa wa tatu darasani, sijui ametoa wapi akili hizo, si kwangu.

Hospitali tulienda, kama ulivyosema. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, sina lawama na mtu. Wewe usiinuke. Daktari wako amesema ulale, lala. Hayo mengine tuachie sisi wanaume.

Kula kidogo lakini kula.

Kaka yako anayekupenda,
Parmuat


Kitengela
19 Desemba 1999

Kaka,

Asante kwa salamu za watu wote hao. Tumbo ni kubwa, miguu imevimba, mama mkwe anaikanda kwa maji ya chumvi. Wanjala amekonda pia. Namuuliza ana nini, anasema kazi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniletea salamu za mke wako, watoto, majirani, mchungaji na ng'ombe. Hakuna Mama. Umesema mlienda hospitali, hukusema mlienda na nani. Wewe ambaye huwezi kumaliza mstari bila kusema Mama amesema hivi, Mama amekasirika vile.

Nikamuuliza Wanjala, yeye si alikuwa nanyi Nairobi? Akasema, "Walimpasua tumbo, anapumzika." Anapumzika wapi? Akasema chai inachemka, akatoka. Chai haikuwa motoni.

Na Dennis amesema alikuona stendi, umenyoa kichwa. Umenyoa kwa nini, Parmuat?

Niandikie kitu kimoja tu. Andika, "Mama anakusalimu." Maneno mawili. Nitalala.

Namunyak


Kajiado
2 Januari 2000

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa shemeji na kwa mama mkwe wako.

Nywele ni zangu, na jua ni kali.

Nakuomba kama nisivyowahi kukuomba: zaa kwanza. Ukizaa nitakuja mwenyewe, nitaketi mbele yako, utaniuliza lolote. Ukitaka kunipiga utanipiga. Zaa kwanza, Namunyak.

Parmuat


Kitengela
30 Januari 2000

Parmuat,

Nakusalimu na watu wa nyumba yako. Nimezaa. Ni msichana, mzima, ana vidole vyote, ana hasira. Mimi nimeshonwa lakini natembea. Ulisema nizae kwanza, nimezaa.

Sasa nitakueleza vile nilivyojua, kwa sababu wewe hukunieleza, na Wanjala hakunieleza, na nyote wawili mlinyoosha nyuso mbele yangu.

Alipofika nyumbani mtoto alianza kulia. Hanyonyi, analia tu, mchana kutwa, mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe akasema hana ugonjwa, anatafuta jina. Kwao mtoto huitiwa majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja moja, na lile atakalolikubali ananyamaza na kushika titi, ndilo lake. Walio hai hawaitwi. Hata siku moja. Hilo nalijua, nimeolewa huku muda wa kutosha.

Akaketi kwenye mkeka, mtoto mapajani. Akamwita mama yake mwenyewe. Mtoto analia. Akamwita shangazi ya Wanjala aliyekufa na malaria. Analia. Akamwita bibi fulani wa zamani hata Wanjala hamjui. Analia. Kisha akamtazama Wanjala, na Wanjala akasema, "Mama, hapana." Yule mama akamjibu, na alikuwa analia, "Mwanangu, watu nimewadanganya, lakini hapa siwezi kudanganya."

Akainamia mtoto akaita, "Naisenya."

Jina la Mama yetu. Kaka, aliliita pamoja na majina ya wafu.

Mtoto alinyamaza. Labda alikuwa amechoka kulia, sijui, sitaki mtu anihubirie. Alishika titi akanyonya. Mimi ndiye niliyeanza kulia.

Mmenifanya nini? Nimekaa Desemba yote nikifuma kofia na kupanga mahali Mama atakapolala. Nimetandika kitanda. Mmenitazama nikitandika. Halafu kuna kitu ambacho hata wewe huwezi kuniondolea: nilimshukuru. Nilimwandikia asiache. Mama yangu alikuwa anakufa na njaa mbele ya maziwa, na mimi nikamtumia barua ya asante, na wewe ukamsomea mara mbili.

Niambie yote. Nisipoyapata yote usije mlangoni pangu.

Namunyak


Kajiado
8 Februari 2000

Namunyak dada yangu,

Salamu kwako na kwa huyo mgeni. Mama Kakuta analia tangu barua yako ifike, analia kwa furaha na kwa yale mengine. Hapa mvua imenyesha kidogo tena. Sina habari zaidi za boma, sasa nasema yale uliyoyataka.

Siku ile Dennis aliponipa barua yako nilimtoa Mama bomani kwa lori la ng'ombe, gari lingine halikuwako. Alikataa kubebwa, akapanda mwenyewe. Hospitali ya hapa walimwangalia wakasema apelekwe Nairobi mara moja. Njiani alianza kutapika, na tumbo lililokuwa laini likawa gumu kama ubao. Wanjala alitukuta kule. Yule shemeji, mume wako, alimshika Mama kama mama yake, sitamsahau.

Daktari wa upasuaji alituketisha kabla. Alisema ni jambo nadra, wengine hawalioni maisha yao yote ya kazi. Homa kali ya kirusi ya mapafu wakati mwingine inaifanya damu igande, hata mapafu yenyewe yakishapona. Donge likakaa kwenye mshipa unaopeleka damu kwa utumbo. Halikuufunga wote mara moja, likaubana. Mtu asipokula, utumbo unatulia. Akila, utumbo unataka damu ya kufanya kazi, damu haipo, ndipo maumivu. Kwa hivyo mtu anajifunza kutokula. Akasema wagonjwa wa hivyo huficha, hata wao wenyewe hawajui wanaficha nini. Na siku ile mshipa ulikuwa umefunga kabisa.

Walimfungua. Utumbo mwingi ulikuwa mweusi. Walikata walichoweza, wakamshona. Aliamka kidogo kesho yake, kisha hakuamka.

Nilimuuliza daktari kama ni mafuta ya kondoo niliyompa. Akasema hapana, mafuta hayana hatia. Nikamuuliza kama ningemleta Septemba, siku ile aliposema anafunga. Aliniuliza kama nimekula kitu tangu asubuhi.

Sasa lile ulilokuwa hulijui. Pale mlangoni, kabla hawajamsukuma ndani, nilimkasirikia. Nilimfokea Mama yangu akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, watu wakisikia. Nikamwambia, kwa nini ulitudanganya? Akaniambia, "Ningesema naumwa, wewe ungemwandikia. Na yeye angepanda gari." Hivyo tu. Alikuwa anakujua kuliko daktari wako. Akanishika mkono, akasema usiambiwe lolote mpaka mtoto alie. Wanjala alikuwa amesimama hapo, alisikia. Kwa hivyo usimtese sana. Tuliapa kwa mtu mmoja, na mtu huyo akaondoka na kiapo chetu.

Unasema ulimshukuru kwa njaa. Hiyo nimeifikiria usiku na mchana, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyerudia. Siwezi kukuondolea. Najua tu kwamba aliniambia nirudie.

Tulimzika hapa bomani, upande wa zizi. Kanisa lilikuja, mchungaji alihubiri, lakini hakusema tena yale ya kubeba njaa. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilinyoa, Mama Kakuta alinyoa, watoto tukawanyoa.

Kuhusu jina. Mama mkwe wako hakunikosea, mwambie hivyo, alionyesha ule ujasiri ambao sisi wanaume tulishindwa. Lakini unatujua sisi. Aliyeondoka hatumwiti tena kwa jina. Mke wangu hajalitamka, watoto nimewakataza, na jirani wetu mmoja mwenye jina hilo tunamwita sasa Mama wa Kisimani, naye ameelewa. Nilipolikuta kwenye barua yako nilifunika kwa kidole gumba ndio niendelee kusoma mstari unaofuata. Mchungaji anasema hayo ni ya zamani. Labda ni ya zamani. Kinywa changu ni cha zamani pia.

Simwombi mtu abadilishe. Ni mtoto wenu, na amelikubali mwenyewe. Lakini mimi nitamwita Mama. Watu watacheka, mzee mzima na ndevu zake kumwita mtoto mchanga Mama, wacha wacheke.

Nakuja Jumamosi na basi la Dennis. Nimekueleza yote, kwa hivyo nifungulie. Mwambie tu mama mkwe wako, kwa heshima, nikifika asimwite mtoto kwa jina mpaka niwe nimeketi.

Kaka yako,
Parmuat